Maua ya arusi imefunika etangi ya yaya

Batu yangu, kama ulitoka ku arusi ya mutoto wa dada yangu na maua, soma hii mbio.

Leo asubuhi nimefika Mutwanga na pikipiki, kwa yaya yangu Paluku, kaka yangu mukubwa. Iko na etangi, bwawa ya samaki, nyuma ya nyumba.

Nakuta muke wake anapanga samaki ku majani ya ndizi. Zote zilikufa.

Naangalia etangi: maji haionekane tena. Ni majani tu, huku mpaka kule, na maua ya mauve, kama zambarau, juu. Mazuri sana. Na inanuka.

Mimi na hasira yangu:
— Mujinga gani aliwaletea hii kitu? Inafunga maji, samaki inakosa hewa!

Yaya akaniangalia.
— Masika, ni wewe.

Mais ni kweli. Dekorasio ya arusi nilifanya mimi: ku kila meza beseni ya maji, maua inaelea. Na kama kawaida yetu, kisha karamu kila mama akabeba maua kwake. Yaya nilimupatia shina moja.

Moja tu!

Nikavua viatu, nikaingia kung'oa.
— Acha, yaya akasema. Juma yote ninang'oa, inarudia.
— Na ile uling'oa, ulitupa wapi?

Akaonyesha muto na kidevu. Ule muto unashuka mpaka ku muto mukubwa wa Semuliki.

Donc bamama, muniandikie hapa chini: yenu muliweka wapi?

Meza zilikuwa makumi mbili. Mimi najua ya meza moja tu.