Aliyepimwa kwa Damu ya Mkewe

Mpwa wangu ni fundi wa plasta, wenzake wanamwita Kioo. Ukuta akishaupitishia mwiko, inzi akitua anateleza. Kipaji hicho kimetoka upande wetu, msihangaike kutafuta kwingine.

Mkewe alipobeba mimba ya kwanza, muuguzi wa kliniki aliwaita waume wakapime virusi vya UKIMWI pamoja na wake zao. Kioo akacheka. "Mke wangu kapima, yuko salama. Mimi nikapimwe nini tena?" Mafundi wenzake wakamuunga mkono. Wote walikuwa wamepimwa kwa njia hiyo hiyo, wao wamelala nyumbani.

Mimba ya pili, mkewe akarudi kliniki na jibu jingine: ana virusi. Kioo akampiga mpaka majirani wakasukuma mlango. "Umevitoa kwa nani?" Anayeuliza ndiye aliyekaa miezi kwenye ujenzi wa mbali, na huko hakuwa analala peke yake. Mwanamke akaenda kwa mama yake, mdomo umevimba, jino moja halipo.

Nilimkokota Kioo kama mbuzi kwenda kupima. Anavyo. Sasa anameza dawa kila siku. Mtoto alizaliwa salama, maana mama hakuacha dawa hata akiwa na majonzi.

Siku hizi, saa ya chakula, Kioo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anawasimulia mafundi yote, hata kipigo.

"Umekuwa mhubiri, Kioo?" wanamtania.

"Cheka tu. Majibu ya mkeo ni ya mkeo. Ya kwako yako mwilini mwako."

Siku moja akanijia. "Mjomba, nenda ukaniombee arudi. Mdomo unao."

Kweli ninao. Nimepatanisha watu waliokuwa wamegawana hadi masufuria. Nikaenda, nikashusha maneno yangu yote matamu. Mwanamke akanisikiliza, mtoto mapajani, chai kanipa.

"Mjomba, virusi ningemsamehe. Virusi havikunipiga."

Nikasimama, nikaaga. Chai nikaiacha.

Nilimkuta Kioo juu ya jukwaa la mbao. "Kasemaje?" Nikamwambia neno kwa neno, bila kulitia sukari. Akaulaza mwiko, akatazama ukuta wake uliong'aa.

"Ana haki," akasema.

Mchana mafundi wakamuuliza mama watoto anarudi lini.

"Harudi," akawajibu. Akawaeleza kwa nini, na safari hii hakuna aliyetania. Kisha akauliza nani ataongozana naye kesho kliniki kupima. Kijogoo wa kundi, mmoja wa wale waliomtania, akasimama wa kwanza.