Mateka Mrefu wa Cheektowaga

Leopoldi alizaliwa mrefu, na hilo ndilo kosa lake la kwanza na la mwisho. Katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, wageni wa mashirika walipokuja na kamera zao, yeye ndiye aliyesukumwa mbele. Shuleni kiranja, uwanjani golikipa, na ndevu zilipoota wakampa uenyekiti wa bloku, maana mtu wa urefu ule na kimya kile hawezi kukosa jambo kichwani. Alikosa. Kichwani mwake mlikuwa na amani tupu, kama ukumbi baada ya harusi, viti vimeshakunjwa. Siku zote alikuwepo mtu mfupi pembeni wa kumnong'oneza.

Amerika ikampa likizo. Mjini Columbus, mtaa wa Linden, alikaa benchi la nyuma kabisa la kanisa na mkewe Florida, akasinzia bila kuulizwa neno. Hiyo ndiyo miaka pekee aliyoifaidi.

Halafu kanisa likapasuka. Nusu walifuata kazi mji wa Buffalo, wakaondoka na kinanda, na vita vya kinanda vikaanza. Mwaka 2015 pande mbili zikakutana Louisville, mahali ambapo hapakuwa pa yeyote, wakala pilau, wakalia, wakapatana. Ili mapatano yasiwe ya mdomo tu, wakabadilishana watu. Buffalo walimtoa Bonheur, mwalimu wao wa kwaya. Columbus wakamtoa Leopoldi awe mwenyekiti wa wazee kule, pamoja na Mzee Balagizi, mfupi, mwenye akili kama wembe, awe msaidizi wake. Sharti lilikuwa moja: aliyetolewa harudi nyumbani mpaka wenyeji wenyewe wamrudishe. Florida alibaki Linden, kwenye kazi yake ya kutunza wazee.

"Basi wewe sasa ni mateka," alimwambia mumewe kwenye simu.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Haya, mateka mwenye tai."

Buffalo walimpenda papo hapo. Kwenye ghala la Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, alikopata kazi alitumiwa badala ya ngazi. Kanisani alitumiwa badala ya hekima. Swali likija, Balagizi anamwegemea sikioni, Leopoldi anatoa sauti yake nzito, watu wanasema amina. Balagizi akienda msalani, Leopoldi ana jibu moja tu: "Waamue wengine." Mwanzoni waliuita unyenyekevu.

Aliyeacha kuuita hivyo ni Mama Nabintu, katibu wa kanisa, mwanamke wa Bukavu, Kongo, asiyedanganyika. Jumapili moja alisubiri Balagizi atoke, akarusha maswali mfululizo. Kila swali likarudi na "waamue wengine."

"Bon," akasema. "Batu ya Columbus balituuzisha kabati. Kabati iko muzuri, donc, lakini ndani hamuna nguo."

Sasa tazama akili ya kamati. Kumfukuza mwenyekiti ni kuvunja mapatano. Kumfukuza msaidizi ni mabadiliko madogo ya ofisi. Wakampandisha Mzee Balagizi basi la kwenda Shively, kando ya Louisville, kwa bintiye, na sanduku lake na mfuko wa ndizi. Mwenye nguo wakamfukuza, kabati wakalibakiza.

Wiki hiyo Florida alipiga simu akiwa na kicheko kooni. Alikuwa anasoma Kiingereza maktaba, na mwalimu alikuwa amewagawia kijitabu cha hadithi rahisi.

"Leopoldi, umo kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Cha miungu ya zamani ya watu wa Norwei huko, kabla hawajabatizwa. Koo mbili za miungu zilipigana, zikachoka, zikabadilishana watu. Ukoo wa Odin ukamtoa mmoja anaitwa Honir. Mrefu, mzuri, miguu hiyo! Wakampa na msaidizi mwenye akili, Mimir. Wale wengine wakamfanya Honir chifu wao siku hiyohiyo."

"Ikawaje?"

"Mimir akiwepo, Honir anasema vizuri. Mimir asipokuwepo, anasema waamue wengine."

Leopoldi akakaa kitako juu ya boksi. "Nani aliwapelekea habari zangu?"

"Ngoja. Wakaona wamepunjwa. Wakakata kichwa..."

"Changu?"

"Cha Mimir! Wakakirudisha kwa Odin. Odin akakipaka dawa kisioze, kikaendelea kumpa ushauri."

"Na Honir? Walimrudisha kwao?"

Florida alifunua kurasa. "Sijafika huko, mume wangu."

Kichwa cha kutoa ushauri kilimkaa Leopoldi rohoni. Jumapili iliyofuata aliegemeza simu ndani ya Biblia, na kwenye kioo, kutoka Shively, ukatokea uso wa Mzee Balagizi: miwani, paji la uso linang'aa, na chini ya kidevu hakuna kitu. Ushauri ulitiririka mpaka Nabintu alipofunika Biblia kwa kiganja.

"Ule muzee tulimurudisha. Kichwa yake inafanya nini huku?"

Hapo Leopoldi akabaki peke yake kweli. Na swali kubwa lilikuwa njiani: Wamarekani wenye jengo walitaka kujua kama kanisa litasali asubuhi au mchana. Waliotoka ghalani alfajiri walitaka mchana, wenye watoto wadogo walitaka asubuhi, na pande zote zilikuwa zimeanza kutazama kinanda.

"Nimefika mwisho wa kitabu," Florida akasema kwenye simu. "Dunia inaungua, wale wakubwa karibu wote wanakufa. Honir wako anatokea tena mzima, na kazi yake ni kuchagua vijiti vya ramli. Na mahali pengine wameandika kwamba watu wa kwanza walitengenezwa kwa miti, yeye ndiye akawapa akili."

"Yeye? Akili?"

"Labda aliigawa yote."

Lakini Leopoldi alikuwa ameshakamata neno lingine. Ramli! Mwenyekiti anayepiga ramli kanisani hafukuzwi tu, anasindikizwa hadi stendi, arudi kwao Linden. Kwa mara ya kwanza maishani alipata wazo, na lilikuwa lake mwenyewe.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima na kofia yake ya baridi mkononi. Ndani kulikuwa na vijiti viwili vya kukorogea kahawa, kimoja amekivunja.

"Kirefu ni asubuhi," akanguruma. "Kifupi ni mchana. Mimi sijui lolote. Kijiti kiamue."

Kichwani alishaanza kupanga nguo kwenye sanduku. Nabintu akainuka taratibu, mkono kifuani.

"Mathiya!" akapiga kelele. "Mitume balimupata Mathiya kwa kura! Mwenyekiti, pardon. Ulikuwa unatungojea tufahamu!"

Kikatoka kifupi. Wa asubuhi walinuna, wakatafuta wa kumkasirikia, wakaona kijiti tu. Vigelegele vikapasua dari. Baada ya ibada wakapanga foleni: tarehe ya harusi, rangi ya ukuta, jina la mtoto. Na Nabintu akapiga simu Columbus kwamba wabaki na Bonheur, wachukue na kinanda, Mwenyekiti harudi mpaka Yesu mwenyewe arudi.

Leopoldi alipomsimulia kwenye simu, Florida alicheka, kisha hakucheka tena.

"Leopoldi. Nihamie huko, au unatoroka uje nyumbani?"

Kofia ilikuwa mapajani mwa Leopoldi, vijiti viwili vikiwa bado ndani.

"Leopoldi! Usithubutu kuingiza mkono kwenye hiyo kofia."

Alikuwa keshauingiza.