Fundi Aliyesahau Salamu

Jua limesimama wima juu ya Garissa, na Kadar Hamse hakaliki. Anaketi juu ya tairi kuukuu, anainuka, anafuta bisibisi aliyokwisha kuifuta, anatoka hadi barabarani kuchungulia upande wa Liboi. Haoni kitu ila vumbi na mbuzi.

Anaisubiri pikipiki ya Abdiwali, mwendesha bodaboda anayekusanya maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyaleta sokoni. Nyuma ya pikipiki limefungwa sanduku la baridi linaloendeshwa na umeme wa pikipiki yenyewe. Nyaya zote, za kwanza hadi za mwisho, ni kazi ya Kadar.

Kando, kwenye kigoda, ameketi Rukiyo, mwenye maziwa, na mitungi mitupu inayonukia moshi wa kufukizia. Wiki iliyopita maziwa yalifika yamechacha. Aliyamwaga hapa hapa mbele ya karakana ya Kadar, soko zima likitazama. Yakichacha na leo, sanduku litang'olewa, na Kadar anajua hakuna atakayemletea tena pikipiki yake.

"Eedo, yatafika," anamwambia, akimwita shangazi kwa heshima.

"Hata wiki iliyopita ulisema yatafika. Na yalifika," Rukiyo anajibu bila kumtazama.

Kadar hakusomea umeme. Alijifunza kwa kufungua injini zilizoungua, na kila aliyoifunga ikakataa kuwaka aliifungua tena. Vijana wa bodaboda humjia na tamaa zao: taa kali, spika, chaji ya simu.

"Wanapachika taa sita kwenye umeme wa taa moja, halafu wanailaumu betri," anasema.

Yeye huanzia ndani. Hufungua kifuniko cha injini, husuka upya koili zinazozalisha umeme kwa waya mnene wa shaba, huweka kifaa imara zaidi cha kuchaji betri, kisha hupitisha nyaya mpya zenye fyuzi zake.

Sanduku la maziwa lilikuwa fahari yake. Alilijaribu mwenyewe, mbio hadi daraja la Tana na kurudi, na baridi haikutetereka. Lakini yeye hakusimama popote.

Abdiwali husimama. Njia ile ina wachungaji, na mchungaji hapitwi hivi hivi: huulizwa mvua, malisho, ngamia, wagonjwa, naye huuliza yake, injini ikinguruma muda wote. Pikipiki isiyokwenda huzalisha umeme kidogo. Sanduku liliinyonya betri hadi ikafa, katikati ya nyika.

Kadar alimwamuru asisimame tena. Abdiwali akacheka.

"Walaal, ndugu yangu, nimpite mtu wa ngamia bila kumuuliza mvua imenyesha wapi? Kesho nani atanikamulia?"

Neno hilo lilimchoma Kadar kuliko maziwa yaliyomwagwa. "Nilipiga hesabu ya barabara," anasema. "Salamu sikuzitia."

Akarudi kwenye nyaya. Akaunga kifaa kidogo kinachokata umeme wa sanduku betri inapoanza kushuka, na kuurudisha pikipiki ishikapo mwendo. Ndani ya sanduku akatandika sponji nene ya godoro, ili baridi ivumilie mazungumzo.

Mngurumo unasikika. Abdiwali anaingia amejaa vumbi, amechelewa, anatabasamu. Kadar anaruka moja kwa moja kwenye kifuniko cha sanduku.

"Waryaa, wewe Kadar," Rukiyo anamkatiza. "Msalimie mwenzako kwanza."

Basi Kadar anasalimu, kiganja kikiwa juu ya kifuniko. Anauliza habari za njia, mvua, wagonjwa. Abdiwali, kwa makusudi, anazijibu zote moja moja.

Ndipo sanduku linafunguliwa. Rukiyo anachota, anaonja. Anavuta mtungi wa kwanza na kuanza kumimina.

Kadar anapumua, lakini kuketi bado hawezi. Mwenye duka la dawa za mifugo amemwulizia sanduku la chanjo za mbuzi, la kwenda vijiji vya Takaba, na tayari Kadar anatafuta spana.

"Huko wachungaji wana habari ndefu kuliko wa huku," anasema. "Nitaweka betri kubwa."