Nilitunga siku ya kuokoka ili nibatizwe

Wakuu, habari za kwenu. Mimi huwa nasoma tu humu bila kusema, leo nimejikaza. Diary yangu ya Form Three iko hapa mezani, kwa hiyo nikiongeza chumvi itanisuta.

Ni miaka ya tisini, tunakaa Chaani, Changamwe. Baba anafanya kazi bandarini.

Kanisani kwetu hubatizwi bila ushuhuda. Unasimama mbele ya watu, unataja siku uliyookoka. Siku kamili.

Mimi sikuwa nayo. Nimelelewa mle mle, sikumbuki siku ambayo sikuamini.

Halafu Mwanasiti wa Jomvu Kuu, tuliyekaa naye dawati moja shuleni, akaniuliza, "Wewe ungezaliwa kwetu, si ungekuwa waswali nasi msikitini?"

Nililiandika swali lile kwenye diary, nikalipigia mistari miwili.

Ubatizo ukakaribia. Mama ameshanishonea gauni jeupe, mashangazi wamefika kutoka Voi. Nikamweleza Dada Eunice, kiongozi wa vijana, kwamba sina siku.

Akacheka. "Wee nawe. Chagua Jumapili yoyote. Nani ataenda kuangalia?"

Nikafungua diary ya mwaka uliopita, nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika: leo nimeokoka.

Siku tatu nikawa naufungua ukurasa ule, nausoma, naufunga.

Hapa ndipo penye falsafa, wakuu. Diary ile haisomwi na mtu. Hakuna aliyeumia. Mama atafurahi, kanisa litafurahi. Sasa nilikuwa nimemkosea nani? Na kama hakuna aliyeniona, mbona nilijihisi nimeonwa?

Mtasema ni malezi tu, kama alivyomaanisha Mwanasiti. Nililifikiria hilo pia. Lakini walionilea wote walitaka nitaje siku. Kilichokuwa kinakataa hakikutoka kwao; nikaamini kimetoka kwa Mungu.

Jumapili ikafika. Mchungaji akaniita mbele, mimi ambaye hata darasani sikunyoosha mkono kujibu swali.

"Binti, uliokoka lini?"

Nilimwona mama, benchi la pili, ameshatoa leso.

"Sina siku, mchungaji. Nilitunga moja. Ikanikataa."

Minong'ono ikazuka. Mchungaji akauliza:

"Sasa unaamini kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ilinikataa."

Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Hayo ndiyo masomo tunayolipia." Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka. Aliniambia nikakae, nisubiri ubatizo mwingine.

Nikawashikia wenzangu viatu wakizamishwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Tulipovuka reli akasema:

"Umeniaibisha, wewe mtoto."

"Nisamehe, mama."

Tukaenda. Halafu, bila kugeuka, "Hata mimi niliambiwa nitafute siku. Nikaitafuta."

Nikaongeza hatua, nikamfikia.

Nyumbani mashangazi walikuwa wamebaki wakipika pilau ya sherehe. Mkubwa wao akatoka na mwiko mkononi. "Haya, ameshabatizwa?"

Mama akavua viatu taratibu. "Bado," akasema. "Pakueni."

Nilibatizwa mwaka uliofuata, bila siku. Nilichojifunza: hoja yangu haikunifanya mtakatifu, ila ilinizuia kumpelekea Mungu uongo kama zawadi. Najua si hoja isiyo na tundu. Mwenye kuliona tundu alionyeshe hapa chini, na kama nawe uliwahi kuambiwa utafute siku, sema. Nitajibu polepole, aibu haijaisha yote.