Nilivyofuta habari ya kwanza ya televisheni yetu hapa Bukavu, na nilivyoenda kuitafuta

Wakuu, na mamans mulio humu, amani kwenu wote.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, nacheka na nyuzi za wenzangu kisha naenda kulala. Leo naleta wangu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimeyabadilisha na chaîne, yaani kituo chetu, sitaitaja, lakini hakuna nilichoongeza, hata pale panaponiaibisha.

Kiswahili changu ni cha Bukavu, mutanivumilia. Shule niliachia mwaka wa ine wa sekondari, Papa alipougua.

Nafanya kazi kwenye televisheni moja ndogo ya hapa mjini. Si mwandishi wa habari. Niko kwenye mapokezi, ninapokea communiqué.

Kwa wasiojua: communiqué ni yale matangazo yanayosomwa baada ya habari za jioni. Fulani amefariki, fulani anaoa, mbuzi mweusi amepotea, familia ya kisiwa cha Idjwi inaombwa ifike na boti ya asubuhi. Watu wanakuja na karatasi ya daftari, mimi ninaandika vizuri, kisha ninamsomea mwenyewe kwa sauti kabla hajaondoka. Hiyo ni sheria ya nyumba. Ukiruka jina la mujomba mmoja tu, umeanzisha vita mu familia ya watu.

Kumbe huko kuwasomea ndiko kulinipa ugonjwa wa ndoto. Nikiwa peke yangu nilisoma mbele ya kioo cha dirisha, mgongo umenyooka kama mtangazaji. Nilimuomba Directeur mara mbili anijaribu. Mara zote mbili aliniuliza diplome iko wapi. Sikukasirika. Nilijiambia, Furaha, siku moja.

Sasa historia ya chaîne, juu bila hiyo hamutaelewa.

Ilianzia kwenye nyumba ya vyumba viwili huku mtaa wa Kadutu, mimi bado sijazaliwa. Antena ilifungwa kwenye mti wa mkaratusi. Ukuta wa studio ulibandikwa vipande vya godoro ili sauti isirudi, na nyuma ya mtangazaji kulitundikwa kitenge cha mama wa mwenye nyumba. Habari kwa Kifaransa, kisha Kiswahili, na siku ya Mungu, Jumapili, kwa lugha ya Mashi. Mtangazaji wa kwanza alikuwa kijana aliyeazima shati ya kaka yake. Kijana yule ndiye Directeur wetu wa leo. Ile habari ya kwanza anaisimulia kila mwaka mpya, na sisi tunaitikia kama litania.

Kaseti zilikuwa chache, kwa hiyo walikuwa wanarekodi juu ya zingine. Kutoka miaka ile ya mwanzo ilibaki kaseti moja tu, ile ya siku ya kwanza. Ilikaa mu kabati la chuma nyuma ya kiti changu.

Nilijua kuna kaseti muhimu mule ndani. Sikujua ni ipi. Karatasi zake zilishabanduka kwa unyevu, munajua hali ya ziwa letu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, Jumamosi moja asubuhi, Tonton Bahati anaingia mbio. Yeye ni cameraman wetu, na siku za Jumamosi anapiga ndoa za watu. Kadi ya kamera yake imekufa, bibi harusi yuko nje ya kanisa tayari, na kilichobaki ni ile kamera ya zamani ya begani inayokula kaseti kubwa.

"Furaha, mama yangu, niokoe. Kaseti moja tu. Yule binti analia mu gari."

Wakuu, mimi mtu akilia nakuwa maji. Nilifungua kabati, nikachukua moja isiyo na jina, nikampa. Kurudisha alirudisha Jumatatu, baada ya kuwahamishia maarusi picha zao. Mimi nikairudisha palepale, hakuna aliyewaza kitu.

Ikapita miaka.

Mwaka huu Directeur akaamua chaîne ifanyiwe sikukuu ya kuzaliwa kwake. Emisyo moja, kipindi cha live, wageni, na katikati kuonyesha ile habari ya kwanza ili Bukavu nzima ione tulikotoka. Zimebaki wiki mbili, akatuita wote mu studio tuiangalie kwanza. Alivaa kravati kwa ajili hiyo.

Kaseti zote za kabati zikajaribiwa. Ya mwisho ikaingizwa kwenye magnetoscope, ile mashine ya kuchezea kaseti. Mistari, mistari, kisha picha.

Bibi harusi anakata keki.

Kwenye kioo mashangazi wanacheza na vitenge, na kuna mutoto anachungulia kamera akiwa na krimu puani. Nilimtambua yule binti ambaye sikuwahi kumuona, kwa sababu ya sauti ya Tonton Bahati nyuma ya kamera ikisema "maman, geuka kidogo".

Directeur akauliza taratibu, "Hii ni nini?"

Tonton Bahati akaangalia dari. "Muzee, inaweza kuwa ni unyevu."

"Unyevu unavaa voile ya bibi harusi?"

Wengine wakaficha vicheko mikononi. Nikawaza nikinyamaza, lawama itamwangukia Tonton Bahati, na yeye ana watoto watano. Kusema kweli niliwaza pia kutoka kwenda chooni na nisirudi.

"Papa Directeur, ni miye nilitoa kaseti."

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alifungua kravati, akaikunja, akaitia mu mfuko.

"Sauti ya ujana wangu ilikuwa mule," akasema. Kisha akaniangalia. "Kila siku watu wanapoteza vitu, wanakuja kwako. Unawafanyia je?"

"Ninaandika communiqué."

"Basi andika."

Niliandika usiku na mchana, karatasi sita nikachana. Ya saba nikampelekea msomaji wetu wa matangazo. Akaisoma, akanirudishia kwa vidole viwili. "Miye sisomi makosa ya mwengine. Aliyekosea aisome."

Directeur akasema msomaji ana haki.

Hivyo ndivyo nilivyoingia hewani mara yangu ya kwanza. Miaka nimeota ile meza, na nimeipata kwa ajili ya kutangaza aibu yangu mbele ya jimbo zima. Mama alinipigia pasi blauzi bila kuuliza swali.

Nilisoma hivi:

"Chaîne yetu inawajulisha watazamaji wote wa Bukavu, Kabare, Walungu na Idjwi kwamba imepoteza habari yake ya kwanza. Ilifutwa kwa kosa la anayewasomea. Mwenye kopi, picha, au hata kumbukumbu yoyote ya siku ile anaombwa afike kwenye mapokezi. Atapokelewa kwa heshima. Anayesikia amwambie mwenzake."

Kesho yake njia nzima ni vidole. Pale sokoni maman mmoja wa ndizi akaniita, "We wa kufuta, kuja ufute na madeni yangu." Nikacheka naye, ningefanya nini.

Lakini watu walikuja. Mzee mmoja alileta kaseti ya mahubiri. Vijana wakaleta filamu ya karate na wakang'ang'ana tuiangalie mpaka mwisho, labda habari iko nyuma. Bibi harusi mwenyewe alikuja, amebeba mutoto wa pili, machozi yako tayari. "Dada, kama munaweza kutoa ndoa yangu pale juu muone iliyo chini, mutoe tu." Nikamueleza haiwezekani, tukalia wote wawili, kisha akanipa sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu.

Siku zinaenda. Zikabaki tano.

Ndipo ikapigwa simu kutoka Katana. Ni mwanamke, anaitwa Esther, anaongea chini chini kama mtu aliyejificha. "Papa yangu ana kitu. Siku ile alikuona kwenye televisheni, akazima, akaingia chumbani. Hatasema. Kuja weye."

Sikuomba ruhusa mara mbili. Asubuhi nilikuwa kwenye taksi ya Katana, katikati ya mifuko ya mihogo.

Papa yake, Papa Mugisho, nilimkuta anapalilia maharagwe. Mzee mrefu, kofia ya sufu. Aliniangalia viatu, kisha uso.

"Ni weye unafutaka kaseti za watu?"

"Ni miye, Papa."

"Na umekuja kuchukua kaseti kwangu. Una moyo."

Alinipa kiti, nami nikakaa bila kuomba kitu. Tulikula viazi. Ni mwisho kabisa alipoanza kusimulia, akiangalia shamba.

Wakati ule walikaa Kadutu, yeye na mke wake, Maman Nsimire. Walikuwa wamepata mutoto wao wa kwanza, huyo Esther, na ndugu wa mke wote wako Idjwi. Wakasikia kuna televisheni inafunguliwa na itasoma matangazo ya watu. Wakapeleka la ubatizo. Jioni wakaenda kwa jirani mwenye televisheni, nyumba imejaa mpaka mlangoni. Papa Mugisho alibeba radiokaseti yake, akaiweka mbele ya kioo na kubonyeza kurekodi toka mwanzo, ili asikose jina lao likitajwa.

Habari nzima ikaingia mule. Sauti tu, bila picha.

"Sasa mule ndani mke wangu anaongea," akasema. "Alifariki hapa hospitali. Picha zake ninazo nyingi. Sauti ni hiyo moja."

Ni nani mimi, niliyetoa kaseti ya watu kwa mkono wangu, nimuombe mzee huyu kaseti ya namna hiyo?

Nikamwambia ukweli. "Papa, usinipe. Kuja nayo mwenyewe. Uibebe weye, uiingize weye, uitoe weye. Miye sitaigusa hata kwa kidole. Na tukimaliza utarudi na kopi tatu, zimeandikwa jina kwa kalamu isiyofutika."

Akainuka, akarudi kwenye maharagwe yake, mpaka nikafikiri amekataa.

"Esther," akaita, "tafuta koti yangu."

Kesho yake alishuka Bukavu na radiokaseti yenyewe imefungwa mu shuka, ameipakata kama mutoto. Teknisyen wetu, fundi wa sauti, akanyoosha mikono kuipokea, mzee akarudi nyuma hatua moja. Nikaleta waya mimi, akachomeka yeye. Directeur alisimama mlangoni.

Kwanza upepo wa mkanda. Kisha sauti ya kijana, nyembamba, inatetemeka: habari ya daraja lililobebwa na mvua, habari ya bei ya mihogo, habari ya bomba la maji lililofunguliwa. Na juu yake, karibu kabisa, sauti ya mwanamke anayecheka:

"Ona huyu mutoto anayesoma, anaogopa. Na shati, ni ya papa yake?"

Watu wanacheka mule ndani. Mutoto mchanga analia. Kisha mwanamke yule tena, "Sss, munyamaze, wanakuja kusema jina letu."

Na jina likasemwa.

Papa Mugisho alikuwa ameweka mkono juu ya radio, kama vile unamshika mtu bega. Esther, ambaye kilio chake cha utoto ndicho tulichosikia, alijifunika uso na kitambaa.

Teknisyen ni kijana mzuri, ila alisema, "Naweza kusafisha. Hiyo sauti ya mama inafunika habari, nitaitoa."

Hapo mimi wa mapokezi, mimi niliyeachia shule mwaka wa ine, nilisimama. "Haitoki."

"Furaha, ni kelele hiyo."

"Hao ndio waliokuwa wanatuangalia siku ya kwanza. Ukiwatoa, tutabaki tunajisemea wenyewe mu chumba. Haitoki."

Sote tukamgeukia Directeur. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo unacheka.

"Ilikuwa ya kaka," akasema. "Ile shati. Iache yote vile iko."

Siku ya sikukuu tulirusha hivyohivyo. Kwenye kioo tuliweka kile kitenge cha studio, mama wa mwenye nyumba alikuwa bado anacho, na juu yake sauti. Ilipofika ile ya shati, nilisikia nyumba za jirani zikicheka kabla yetu wa studio. Boti iliyotoka Idjwi siku iliyofuata ilileta ndugu kumi wa Maman Nsimire, wamekuja kusikia tena.

Kabla ya kurudi Katana, Papa Mugisho alikuja kwenye mapokezi kama mtu yeyote, na karatasi ya daftari. Nikaandika vizuri, kisha nikamsomea kwa sauti, kama sheria inavyotaka:

"Papa Mugisho wa Katana na binti yake Esther wanawashukuru wote waliomsikia Maman Nsimire. Safari hii hakuna aliyefariki. Ni shukrani tu."

Akanyoosha kidole. "Soma tena pale kwenye jina."

Nikasoma tena. Akaitikia kwa kichwa, akachukua radio yake, akaenda.

Jioni ile ni mimi niliyelisoma hewani. Siku hizi communiqué za Jumamosi ni zangu, na Directeur ameniambia nimalize diplome kama candidat libre, yaani mtu wa kujisomea nje ya shule, kisha tutaongea. Kitabu cha kwanza nimeshanunua. Hesabu bado inanichapa, lakini haitanishinda.

Nilichojifunza: kosa lako likitajwa na wengine linakuwa fimbo, ukilitaja mwenyewe watu wanakuja kukusaidia kutafuta. Na msiniulize ni kaseti ngapi nimeshaziandika majina. Kabati zima, pande zote mbili.

Sasa nyinyi. Nani humu ana sauti ya mtu wake mu simu ya zamani, mu kaseti, mu flash iliyo chini ya droo? Niambieni ni ya nani na anasema nini pale. Ila kabla ya kuandika komenti, nenda kwanza ukaiandike jina.