Wifi Alinakili Hadi Kosa Langu

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama nilivyoandika. Wifi akisoma akajijua, sawa tu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimeolewa, naishi Ihumwa, pembeni ya Dodoma mjini. Kazi yangu ni kufuma vitambaa kwa mkono, kwenye mtambo wa mbao alioniundia mume wangu, ambaye ni fundi seremala, mwaka tuliooana. Nautaja mtambo mapema ili mjue mwanaume huyu alinipenda, maana huko mbele mtamchukia.

Desemba wenzangu wanasuka nywele na kuzunguka madukani, mimi niko kwenye mtambo tangu asubuhi mpaka magoti yanakataa kunyooka. Lakini naupenda mwezi huo kuliko yote, kwa sababu kila Krismasi nafuma kitambaa kipya cha meza ya mbele kanisani kwetu, na sijawahi kurudia nakshi. Akina mama huanza kunitania mapema, "Mwaka huu unatuvisha nini?" Huwa sisemi hadi siku yenyewe.

Mwaka huu nakshi ilikuwa ya mama yangu, aliyefariki mwezi wa tatu. Alilima uwele maisha yake yote, na mimi utoto wangu niliumaliza shambani kwake nikifukuza ndege. Nilitaka mashuke ya uwele yasimame juu ya udongo mwekundu kama nilivyoyaona nikiwa mdogo. Niliyahangaikia tangu Pasaka. Shuke likitoka kama samaki, nafumua. Likitoka kama mshumaa, nafumua tena. Siku lilipotoka shuke kweli, nililia hapohapo nilipokaa.

Kabla ya kufuma kitambaa chenyewe huwa nafuma kwanza kipande chembamba cha kujaribia. Katika kipande hicho nilikosea, nikapitisha nyuzi mbili kwenye tundu la uzi mmoja. Ukatokea mstari mnene pembeni ya mashuke, chini hadi juu. Kwa kuwa kilikuwa cha majaribio sikujisumbua kukirekebisha. Nilikitia sandukuni, nikafuma kile cha kanisani bila kosa.

Sasa wifi yangu. Ni mdogo wa mume wangu, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. Nilimfundisha kufuma mimi mwenyewe, mikono yangu juu ya mikono yake, na kaka yake akamwundia mtambo kama wangu. Nilifurahi kupata mwenzangu wa kuongea naye habari za nyuzi bila kumchosha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi nilikwenda kanisani na kitambaa changu mfukoni, nimekifunga kwenye kanga. Kabla sijasimama, wifi alisimama. Akaenda mbele, akakunjua kitambaa mezani. Mashuke ya uwele, udongo mwekundu. Kanisa zima lilipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia pembeni ya kitambaa, na pembeni kulikuwa na mstari mnene, chini hadi juu. Alikuwa ameuweka na upande wa pili, ili pande zilingane.

Nilibaki nimeukumbatia mfuko wangu. Ningekitoa changu, mimi ndiye ningeonekana nimeiga.

Nyumbani nilifungua sanduku. Kipande kilikuwepo, lakini kimekunjwa vingine, si mkunjo wangu. Nikamuuliza mume wangu. Hakukataa. Alijibu huku anavua viatu.

"Alisema anataka kujifunza, nikampa akaangalie. Akakirudisha."

"Ulijua kile ni cha mama?"

"Nilijua. Lakini na yeye ni dada yangu, na wewe umeshasifiwa miaka yote hiyo. Mwachie mwaka mmoja. Halafu sikukuu hii usituharibie."

Jamani, mtu aliyenishika mkono kaburini kwa mama yangu ndiye aliyelifungua sanduku. Wifi nilimkasirikia, lakini kwa mume wangu niliishiwa nguvu. Krismasi nilipika pilau, nikahudumia wageni, nikaulizwa na watu, "Mbona mwaka huu umetunyima?" Nikacheka tu. Mume wangu alikuwa anakula, ananiangalia kama mtu anayeshukuru.

Siku iliyofuata wifi alikuja na bakuli la maandazi. Kumbe akina mama wa kanisa wamemwomba awafundishe mabinti nakshi ile, aanze Januari. Akakaa kwenye kigoda changu, akanong'ona.

"Wifi, nisaidie kitu kimoja. Ule mstari mnene wa pembeni, wewe unaufanyaje haraka? Mimi ulinitesa wiki nzima."

Nilimwangalia nisijue nicheke au nimmwagie maandazi yake. Wiki nzima anateseka kuunda kitu nilichokifanya kwa sekunde moja kwa sababu nilikuwa namuwaza mama, macho yamejaa machozi. Nilimwambia arudi baada ya mwaka mpya. Mume wangu alisikia yote akiwa mlangoni, akasema, "Msaidie bwana, wewe ndiye mkubwa."

Ndugu zangu, mume wangu amesema nikilipeleka jambo hili kanisani nimemdhalilisha yeye na ukoo wake, na hatanisamehe. Namjua, hasemi ovyo. Nikinyamaza, mabinti watafundishwa mashuke ya mama yangu yakiwa na kosa langu, watasema ndivyo yalivyo, na jina la mama halitatajwa popote.

Ibada ya mwaka mpya ni keshokutwa. Kitambaa bado kiko kwenye mfuko, nyuma ya mlango, sijakifungua tangu siku ile. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Niende nacho mbele nikiweke juu ya kile cha wifi, au nimrudishe mama sandukuni niilinde ndoa yangu?