Mabaki ya Hostia Yaendayo Kibondo

Umeme umerudi Kasulu, na Sista Yusta Habonimana hasubiri kuambiwa. Anafunga aproni juu ya kanzu yake ya kijivu, anakoroga unga wa ngano kwa maji matupu, anamimina kijiko kimoja katikati ya chuma cha moto chenye mabamba mawili na kukifunga. Mvuke unapiga kelele pembeni. Akifungua, karatasi nyeupe yenye chapa za misalaba imelala pale kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Hakuna chumvi, hakuna hamira. Hostia, mkate wa komunyo, ni unga na maji, basi.

Karatasi za jana, zilizolazwa kwenye unyevu ili zisipasuke, ndizo anazokata leo. Anabonyeza kikatio, kiduara kinadondoka kwenye beseni. Anabonyeza tena, mbali kidogo na tundu la kwanza, akiacha ukanda mpana katikati.

"Sista, leo unakata kama fundi aliyepewa kitambaa cha bure," anamtania mwenzake, Sista Chantal, anayejaza pakiti. "Kuku wetu watanenepa!"

"Si ya kuku."

"Najua si ya kuku. Nakuchokoza tu."

Watawa wote wa nyumba hii wanajua yanakokwenda. Mabaki, vile vipande vya pembeni visivyo na umbo, hutiwa kwenye mfuko, hupanda gari la misheni na kushuka katika kijiji kimoja cha Kibondo, kwa Bi Ndayikeza, mama yake Sista Yusta.

"Ndicho ninachoweza kumpa," anasema Sista Yusta, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. "Ile nzima, inayotoka altareni, hajaionja tangu kabla sijazaliwa."

Bi Ndayikeza alibatizwa angali mtoto mchanga. Lakini aliolewa mke wa pili na Mzee Ildefonce Nkunzimana, ambaye alikwisha kufunga ndoa kanisani na mke mkubwa, na mke huyo hakujaliwa mtoto. Kwa taratibu za Kanisa, anayeishi hivyo hakomuniki, yaani hapokei komunyo. Kila Jumapili wenzake walipopanga foleni, yeye alibaki kwenye benchi, akivuta miguu upande ili wapite.

"Miguu hiyo ndiyo ninayoikumbuka," anasema Sista Yusta. "Siku ya komunyo yangu ya kwanza, nilipita juu ya miguu ya mama yangu."

Siku hiyohiyo aliuliza nani hutengeneza hostia. Akajibiwa kwamba ni masista. Mtoto akakata shauri.

"Nilidhani anayepika ndiye anayegawa," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Jikoni kwetu, mwenye mwiko ndiye aliyejua nani apewe na nani akose. Nikasema, nikiwa sista, nitampakulia mama."

Kwa kosa hilo la kitoto aligonga mlango wa utawa. Mlezi wake, mtawa mzee asiyependa maneno mengi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Binti, umekuja kumtafuta Mungu, au umekuja kumtafutia mama yako chakula?"

Alifunga sanduku lake arudi nyumbani, akalifungua. Akalifunga tena, akalifungua tena.

"Kisha asubuhi moja nikatambua kwamba hata kama mama asingepata kamwe, bado ningetaka kubaki," anasema polepole. "Iliniuma sana. Nilijiona kama nimemwacha kwenye benchi kwa mara ya pili. Lakini ndivyo nilivyojua kwamba nimeitwa."

Alipoweka nadhiri za daima, baba yake hakuja. Yusta ndiye mtoto wake wa pekee kwa wake wote wawili. Wajumbe waliokwenda kumwalika mzee walirudi na sentensi moja: "Mwambieni amefunga nyumba yangu kwa kufuli."

Mwaka juzi mke mkubwa alifariki. Baada ya matanga, Sista Yusta alibaki na furaha aliyoionea haya: sasa baba na mama wangeweza kufunga ndoa, na mama angekomuniki. Alikwenda akakaa karibu na kigoda cha mzee, akamwita data, yaani baba, kama alivyomwita tangu utoto.

"Data, sasa njia ni nyeupe. Mwende kwa padri."

"Na mimi nina neno," alijibu mzee. "Vua hiyo shela uolewe, uniletee mjukuu. Siku nitakayompakata, kesho yake naingia kanisani na mama yako."

"Data, nimevuka arobaini!"

"Sara wa kwenye Biblia alizaa na miaka mingapi? Si ninyi mnaotusomea?" Kisha sauti ikamshuka. "Mimi nimekosa changu, mwanangu. Na mama yako akose chake."

Bi Ndayikeza alikuwa jikoni akisikia yote. "Yusta, usimjibu!" alipaza sauti. "Ukivua hiyo nguo kwa ajili yangu, hata hayo mabaki siyali tena."

Tangu hapo moyo wa Bi Ndayikeza umedhoofu na miguu imevimba. Padri ameagiza aitwe mama akizidiwa, aje ampe komunyo kitandani. Mama hataki kusikia. "Sitaki kuletewa kama mgonjwa," husema. "Nataka kupanga foleni kama wenzangu."

Kumwacha mzee ili aruhusiwe komunyo nako hawezi. Nani atampikia?

Ipo njia nyingine, na hakuna anayeitaja mbele za watu. Matangani, jirani mmoja alimwinamia Sista Yusta akamnong'oneza, "Mzee akitangulia, mama yako atakuwa huru."

Sista Yusta anafuta chuma kwa kitambaa.

"Maneno hayo yaliniingia, nikaogopa kwamba yatakaa," anasema. "Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kumwombea mama, namwombea data. Naomba aishi. Naomba aishi sana."

Likizo iliyopita alimkuta mama yake uani, anatafuna vipande taratibu kwa meno yaliyobaki. Mzee alitazama, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi nionje."

Akatafuna. Akakunja uso. "Haina chumvi."

"Hata ile nzima haina, data."

"Haina?"

"Ni unga na maji tu."

Mzee Ildefonce aligeuka akamtazama mkewe, kama mtu anayemwona akitoka mbali. "Na hiki ndicho unachokililia miaka yote hii?"

Bi Ndayikeza alivuta miguu yake iliyovimba upande, mzee apate kupita. Lakini mzee hakupita. Alikaa, akachukua kipande cha pili.

Mwezi Desemba hostia za Krismasi zitapelekwa Kibondo, na Sista Yusta ameomba lifti kwa Lusajo, dereva wa misheni. Hatazungumzia ndoa, anasema. "Nitakaa nao uani tule. Nitamwacha data aseme mwenyewe, akiwa tayari."

Anachukua kikatio, anakibonyeza mbali na tundu la kwanza. Zamani mfuko wa Kibondo ulikuwa mmoja. Juu ya meza, kando ya beseni, leo ipo miwili.